Kamera ya Nyuma na Mkono wa Baba Neema

Karatu,
Jumapili, baada ya ibada.

Mke wangu mpendwa Mama Aikande,

Niambie kwanza habari za goti lako. Aikande aliponipigia simu wiki iliyopita alisema unakwenda shambani kwa kushikilia ua, kisha akacheka. Sikuona cha kuchekesha. Lifunge kitambaa chenye joto, na majani ya ng'ombe akate mtu mwingine. Je, migomba ya upande wa mfereji ilisimama baada ya upepo ule? Na fundi wa paa la jiko amerudi, au bado anakuahidi?

Mimi ni mzima, isipokuwa kwa jambo moja nitakalolieleza hapa chini. Huku ni baridi. Asubuhi ukungu unashuka kutoka ukingo wa lile bonde kubwa la kreta hadi mjini, na saa mbili magari bado yamewasha taa. Ningeweza kukupigia simu, lakini simu zangu huzipokea ukiwa dukani kwa shemeji, na wote waliokuja kununua sukari husikiliza. Haya nataka uyasome ukiwa umekaa peke yako.

Jicho langu la kulia lina mtoto wa jicho. Nimelijua hilo tangu kabla ya Pasaka. Tulikuwa tumepeleka wageni Endulen, tukakuta madaktari wa macho wamefika hospitalini. Nikajipanga katika foleni pamoja na wazee wa Kimasai, nikapimwa. Daktari alisema nifanyiwe upasuaji nisichelewe. Mtu wa kwanza niliyemwambia alikuwa Baba Neema. Nilimwambia tukiwa ndani ya gari, kabla hatujaondoka. Alinishika bega akasema, "Mwalimu, hili limeishia humu humu ndani ya gari." Nikamwamini. Wewe sikukuambia. Nitalirudia hilo.

Baba Neema unamjua kuliko majirani wengi wa hapo nyumbani. Tulianza naye kazi ya udereva mwaka ule nilipoacha ualimu, siku hizi tuko gari moja, mimi usukani na yeye msaidizi, Krismasi mbili amekula mezani kwetu, na Neema ni wewe uliyemsimamia ubatizoni. Kwa hiyo utaelewa kwa nini mkono wangu ni mzito ninapoandika.

Huku madereva tuna sheria ambayo haikuandikwa popote. Gari la watalii limebeba matairi mawili ya akiba mgongoni, na nyuma huoni kitu. Ukitaka kurudi nyuma, mwenzako anashuka, anasimama nyuma ya gari na kupiga bodi kwa kiganja. Akipiga mara moja, unaendelea. Akipiga mara mbili, unasimama. Anayepiga ndiye mwenye gari kwa muda huo, na lawama ni yake. Dereva hageuzi shingo wala hachungulii vioo vya pembeni, kwa maana kuchungulia wakati mwenzako anapiga ni kumwambia mbele ya watu kwamba humwamini. Mimi kwa miaka yote sijawahi kumchungulia Baba Neema.

Mwezi uliopita tulikuwa tunatoka kwenye kambi moja hapa Karatu, na wageni wazee wawili ndani. Baba Neema alikuwa nyuma, anapiga. Moja. Moja. Moja. Kisha tukasikia mshindo. Nilikuwa nimegonga nguzo ya mawe ya lango. Taa ya nyuma ilivunjika, na mama mmoja mgeni akamwagikiwa na chai ya chupa. Nilipoteremka nilimkuta Baba Neema ameshika simu sikioni, mkono mwingine bado uko juu ya bodi. Aliniangalia tu. Mama Tina, mwenye magari yetu, alipouliza ilikuwaje, nilimjibu, "Tulikosea sote wawili." Simu sikuitaja. Niliona kwamba mwenzangu ameaibika kiasi cha kutosha.

Jumatano iliyopita Mama Tina alirudi kutoka Arusha na boksi dogo. Ndani yake mlikuwa na kamera yenye ukubwa wa kizibo cha chupa, kioo kidogo kama cha televisheni, na waya mrefu. Kamera inafungwa nyuma ya gari, na kioo kinakaa mbele ya dereva. Ukiingiza gia ya rivasi, kioo kinawaka na kukuonyesha yaliyoko nyuma. Alinipa mimi niifunge kwa sababu mimi ndiye ninayesoma karatasi ya maelekezo mpaka mwisho. Baba Neema aliambiwa anisaidie.

Kazi ilituchukua siku nzima. Nilitoboa tundu juu ya kibao cha namba, nikaweka mpira ili vumbi na maji visiingie. Tuling'oa kapeti tukapitisha waya chini yake hadi mbele. Waya mwekundu niliuunga na ule wa taa ya rivasi, mweusi nikaufunga kwenye bodi kwa skrubu, na kila kiungo nikakizungushia tepu mara tatu. Baba Neema alikuwa amelala chini ya gari akinisukumia waya, na alikuwa na furaha isiyo ya kawaida.

"Mwalimu, sasa tutastaafishwa na kidude hiki," alisema.

"Shika waya vizuri. Unaukunja."

"Naushika! Hata nikiwa na mke simshiki hivi."

"Una mke. Shika waya."

Alicheka sana. Nami nilicheka, nakiri.

Saa kumi tulimaliza. Mama Tina aliingia akaketi kiti cha kushoto ili aone. Baba Neema nilimtuma asimame nyuma apige bodi kama kawaida, tulinganishe mkono wake na kioo. Nilipokuwa nakaza skrubu ya mwisho, Mama Tina akasema kwa upole, "Mzee wangu, hiki nimekununulia wewe. Baba Neema alinieleza habari ya jicho lako, na kwamba ndilo lililosababisha mkagonga ile nguzo. Ungeniambia tu mwenyewe. Mimi sifukuzi mtu kwa ugonjwa."

Mama Aikande, bisibisi ilikuwa mkononi mwangu, na niliiweka chini polepole kama mtu anayeweka yai. Niliwasha gari, nikaingiza rivasi.

Kioo kikawaka. Wa kwanza kuonekana mle alikuwa Baba Neema, amesimama nyuma ya gari, simu sikioni, anacheka na mtu. Kiganja chake kikapiga bodi mara moja. Nikarudi kidogo. Akapiga tena mara moja, na wala hakutazama. Mimi na Mama Tina tuliona sote wawili pipa la maji likikua ndani ya kioo mpaka likawa karibu kukijaza. Akapiga tena mara moja. Nikakanyaga breki.

Baba Neema alikuja dirishani. "Mwalimu, mbona umesimama? Nimepiga moja!"

Mama Tina alimwuliza, "Siku ya nguzo ulikuwa unaongea na simu vilevile?"

"Siku ile? Hapana, Mama. Simu yangu siku ile ilikuwa kwenye chaji." Kisha akanigeukia. "Si ndiyo, Mwalimu?"

Aliniomba niuapie uongo wake, dakika chache baada ya mimi kujua kwamba alikuwa ameniuza. Nikamjibu, "Si ndiyo. Ilikuwa sikioni mwako." Akainama. Nilitoa gia, na kioo kikazimika.

Nilikuwa nimeshinda, ungesema. Lakini la jicho lilikuwa kweli, na nilikuwa nimemficha mwajiri wangu huku nikiteremsha watu kwenye barabara ya kreta. Sikuweza kusimama mbele yake nikidai ukweli wa simu huku nikiumeza ule wangu. Nilichomoa ufunguo nikamwekea mkononi. Nikasema, "Jicho halikugonga nguzo, lakini ni bovu. Sitaendesha mpaka litibiwe." Aliniuliza mara mbili kama nimeamua. Nikasema nimeamua. Msimu wa wageni umefika na hana dereva mwingine, kwa hiyo kesho yake ufunguo alipewa Baba Neema. Kamera niliyoifunga kwa mikono yangu sasa inamtumikia yeye.

Jioni ile alinifuata bombani nilipokuwa nanawa mafuta.

"Mwalimu, ungekuwa wewe ungefanyaje? Baada ya ile nguzo Mama alisema mmoja wetu ataondoka. Wewe una shamba, una nyumba. Mimi nina chumba cha kupanga."

"Ungekuja kuniambia."

"Ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo. Ndiyo sababu ya kumwuliza mtu."

Alibaki amesimama pale, nami nikaondoka. Tangu siku hiyo ananiamkia kila asubuhi, "Shikamoo Mwalimu," nami namwitikia, kwa kuwa salamu haina kosa. Zaidi ya hapo sina neno naye. Si nguzo inayoniuma, wala ufunguo. Kinachoniuma ni kwamba nilimpa kitu kimoja tu akitunze, na siku alipobanwa ndicho alichokitoa kwanza.

Siku hizi nne nilizokaa bila kazi nimepata nafasi ya kujihukumu. Wewe ndiye uliyestahili kulijua jicho hili kabla ya mtu yeyote. Nilikuficha kwa sababu najua ungesema nirudi nyumbani, nami sikutaka kusikia. Nikampa mtu wa kazini haki yako. Kwa hilo nimekukosea kama alivyonikosea yeye, na nakuomba radhi. Neno hili hujalizoea kutoka kwangu, kwa hiyo nimeliandika badala ya kulisema.

Nisalimie mama mkwe, na umwambie nimepata ule mkanda aliouagiza. Msalimie shemeji wa dukani, na mchungaji wetu, na Aikande na mumewe. Neema akija likizo mpokee kama siku zote na umpe kitanda chake kilekile. Habari hizi usimwambie. Mkono uliopiga bodi haukuwa wake.

Nitakuja Jumamosi kwa basi, na Jumatatu nitakwenda hospitali. Nakuomba jambo ambalo sijawahi kukuomba: goti likikuruhusu, njoo unipokee stendi. Barabara ile ina magari mengi, na upande wa kulia siyaoni yakija. Simama nyuma yangu uweke mkono begani. Ukinipiga mara moja, nitavuka. Ukinipiga mara mbili, nitasimama, na sitageuka kuchungulia.

Ni mimi mume wako,
Baba Aikande