Spana na Mguu wa Mama

Jumatatu, 7 Juni 1993

Maji kwenye rejeta kabla ya kutoka, kama kila siku. Dumu jingine nyuma ya kiti. Mama nikamlaza kiti cha nyuma, mguu juu ya mto. Siku ya kusafishwa kidonda.

Tulifika katikati ya daraja la Nyali. Moshi. Gari likachemka kama birika. Nilifungua boneti nikasimama pale huku wanaopita wakipiga honi na kunitukana. Mama ndani, jasho linamtoka. Tulirudi tukivutwa kwa kamba. Hospitali hatukufika.

Pampu ya maji imekufa. Nalijua hilo tangu mwezi uliopita. Karisa fundi aliniambia ninunue pampu mpya, nikanunua. Tangu siku hiyo kila nikimfuata ana kazi ya mtu mwingine. Mara ya mwisho alipolishika gari langu alinitolea mkanda mzima wa feni akanitilia uliochakaa, akadhani mwanamke hataona. Nimemchoka.

Nitaifunga mwenyewe. Nilimshikia marehemu mume wangu Rashidi tochi miaka mingi, namna ya kuifunga ninaijua. Ninachokosa ni vyombo. Spana zake zote walizichukua ndugu zake nikikaa eda. Niliwasikia wakizigawana uani. Sikuweza kutoka.

Jumatano, 9 Juni

Baada ya shule nilivuka kwenda mjini, duka la vyuma. Spana nzuri, zile nzito, zinauzwa moja moja. Nikiuliza bei nairudisha mahali pake. Ukitaka za kutosha gari moja, mshahara wangu wote umekwisha na bado hujapata soketi.

Pembeni kulikuwa na sanduku la plastiki. Ndani kila kitu: spana, soketi, bisibisi, koleo. Vimepangwa kila kimoja kwenye shimo lake, vinang'aa kama vyombo vya arusi. Bei yake naiweza, kwa tabu.

Mwenye duka akaniuliza, "Ni la mzee nyumbani?"

Nikamwambia ni langu. Akacheka. Si kwa ubaya, lakini alicheka.

Sikununua. Mguu nimeusafisha mwenyewe kwa maji ya chumvi. Zahanati ya hapa Magogoni haina hata bandeji.

Alhamisi, 10 Juni

Nimekwenda Kongowea. Nyuma ya soko yupo mzee mmoja, Mzee Chengo, anauza vyuma kuukuu juu ya gunia. Spana zimejaa mafuta na rangi, nyingine zina kutu. Nikaona haya. Nikaona mwalimu mzima nimechutama kwenye takataka. Nikaondoka hata sikumwamkia vizuri.

Jioni akaja ndugu yangu Swaleh. Maneno yale yale.

"Dada, uza gari. Lile si gari tena, ni msiba mwingine."

"Na Mama atabebwa na nini?"

"Mungu atafanya wepesi."

Wepesi wa Swaleh ni kwenda zake. Hakumaliza hata chai.

Ijumaa, 11 Juni

Nimenunua sanduku. Pesa ya mabati ya jikoni imekwenda. Jiko litavuja mwaka mwingine.

Nililibeba mapajani njia nzima. Nilifurahi, sitajidanganya. Nilimfungulia Mama, akashika bisibisi akaitazama kwenye mwanga wa dirisha. "Leo nimezaa fundi," akasema. Tukacheka sote wawili. Siku nyingi sijamsikia akicheka.

Mama ana homa kidogo usiku.

Jumamosi, 12 Juni

Mvua. Niliegesha chini ya upenu. Nikatoa feni, nikatoa mkanda. Bolti za mwanzo za pampu zikatoka vizuri, nikajiona mtu.

Ya mwisho iko chini, imeshikwa na kutu. Nikatia soketi, nikavuta kwa nguvu. Soketi ikapasuka. Kweli ilipasuka, kama ganda la yai. Nikachukua spana, mdomo wake ukapanuka ukateleza, ukakwangua pembe zote za bolti. Sasa bolti ni duara. Hakuna kinachoishika. Nilijaribu koleo, nikajichuna vidole mpaka damu.

Gari limefunguliwa kifua, halifungiki wala halifunguki. Jumatatu lilifika mpaka darajani. Leo haliendi hata mlangoni.

Chuma cha uongo. Wamekipaka kung'aa tu. Na mimi nimenunua kung'aa.

Jumapili, 13 Juni

Harufu. Nilipofungua bandeji nikajua. Kidole kidogo cha mguu ni cheusi na weusi umepanda. Niligeuza uso nikajifanya natafuta pamba.

Mama akasema, "Unaficha nini? Pua ninayo na mimi."

Nimemtafuta Swaleh, hayupo, amekwenda Kilifi. Mwenye teksi amefika mwanzo wa kichochoro akaona matope, akakataa kuingia. Nimemwomba. Nilimwomba kama ombaomba. Akaondoka.

Mvua haikatiki. Naogopa.

Jumatatu, 14 Juni

Alfajiri majirani wamembeba kwa kiti mpaka barabara kubwa. Wanaume wanne, kanga juu ya kichwa chake kwa mvua. Aliona aibu kubebwa. Alikuwa akiwaomba radhi kila hatua.

Kutoka hapo teksi mpaka hospitali. Daktari kijana. Alitazama mara moja akaandika. Wanakata. Si kidole, ni chini ya goti.

Mama aliuliza neno moja: "Nitaswali vipi?"

Jumatano, 16 Juni

Wamekata.

Swaleh amerudi. Wamempa mguu umefungwa kwenye kitambaa cheupe, amekwenda kuuzika. Alitoka nao wodini ameukumbatia kama mtoto mchanga. Nilikuwa nimemkasirikia. Nilipomwona vile hasira iliisha, ikabaki sijui kitu gani.

Mama amelala. Shuka imenyooka mahali ambapo haikupasa kunyooka.

Alhamisi, 17 Juni

Nimerudisha sanduku dukani. Nikamwekea mwenye duka soketi iliyopasuka mezani. Akasema kitu kilichotumika hakirudi. Nikamwambia hakikutumika, kilivunjika kabla ya kufanya kazi. Akasema labda sikujua kukishika.

Nilitaka kumweleza habari ya Mama. Nikaona nikianza kueleza nitalia mbele ya wateja. Nikatoka na sanduku langu.

Ijumaa, 18 Juni

Sikwenda shule. Sikula. Wodini nilikaa nimemshika mkono. Anasema mguu unawasha. Ule usiokuwapo.

Jumamosi, 19 Juni

Nimemuuliza daktari. Ilinibidi. Kama ningemleta wiki ile, kila siku ya kusafishwa kidonda, je?

Akasema mfupa ulikuwa umekwisha kuoza zamani, sukari imeula, mguu ungekatwa tu. Alisema huku akipanga makaratasi. Sijui kama ni kweli au amenihurumia. Nimemtazama sana usoni, sikupata kitu. Nitaishi hivi bila kujua. Hilo ndilo litakaloniua.

Jumapili, 20 Juni

Kongowea tena. Si kwa matumaini. Gari limeziba njia ya jirani na Mama hawezi kurudi nyumbani kwa kiti cha kubebwa.

Safari hii nilikwenda na bolti za pampu mfukoni. Shikamoo, marahaba. Mzee Chengo akaniachia gunia lote akaendelea na redio yake. Nikachutama kwenye vumbi bila haya, haya yote yameniishia wodini. Kila spana nikiivisha kwenye bolti. Ikicheza, naweka chini. Isipocheza, naipima uzito mkononi, natazama kama mdomo umepanuka. Nimetoka na chache tu, spana za ringi, soketi nyeusi nene, nyundo. Hazifanani, hazina sanduku. Zote pamoja hazikufika nusu ya bei ya lile lililong'aa.

"Mume wako fundi?" akaniuliza.

"Alikuwa."

Akanirudishia sarafu kidogo. Nikazirudisha juu ya gunia.

Jumanne, 22 Juni

Nimetoka shule mapema. Soketi ndogo kidogo kuliko bolti, nikaigonga kwa nyundo mpaka ikauma. Nikavuta polepole kwa mikono miwili. Bolti ikalia, ikazunguka. Ikatoka.

Pampu mpya, gasketi mpya, mkanda. Magharibi ilikuwa bado. Nikawasha. Halivuji. Halichemki.

Kazi ya jioni moja tu.

Nilikaa juu ya ngazi ya mlango, mikono imejaa grisi, nikalia mpaka jirani akaja kuuliza nani amekufa. Nikamwambia hakuna. Gari limepona.

Jumanne, 29 Juni

Kidonda kinakauka. Wanamfundisha magongo. Ameanguka mara moja. Ananikasirikia mimi, si magongo. Namwacha anikasirikie.

Jumamosi, 3 Julai

Wamemruhusu. Swaleh alimshika upande mmoja, mimi upande mmoja, tukamwingiza nyuma. Swaleh akabaki kuchukua dawa.

Niliendesha polepole. Nilikuwa namtazama kwenye kioo. Darajani akasema, "Mguu ameuzika wapi?"

"Pembeni ya kaburi la Baba."

Tukapita Kongowea.

"Basi nimemtangulizia kitu," akasema. "Atajua kwamba naja."

Nikasema inshallah, halafu nikaona si jibu.

Mvua imekatika, matope yamekauka, gari limeingia mpaka mlangoni. Hakutaka kushuka mara moja. Nikazima injini. Tukakaa.