Kikapu cha Mama Theopista

Nshambya,
Bukoba.
12 Julai, 1973.

Mpendwa ndugu yangu Philbert,

Habari za Mtwara? Kifua kimepona, au upepo wa huko bado unakusumbua? Sisi hapa ni wazima. Mke wangu Benigna alishikwa na homa, lakini sasa anashika jembe tena, na ndizi hazijatupungukia.

Barua hii usiisome kwa sauti mbele ya watu. Nina aibu mimi, we acha tu.

Sabasaba palikuwa na maonyesho ya sanaa mpya hapa mjini. Unaujua ugonjwa wangu wa kukusanya vitu. Benigna anasema iko siku sanamu zitatufukuza kitandani. Basi nikavaa suti, nikamtembeza mgeni kutoka Dar es Salaam, bwana mmoja wa mambo ya utamaduni. Nikajitia mjuzi! Hapa naisifu picha ya trekta, pale nagonga kinyago nisikie kama mti umekauka. Waitu, ndugu yangu, nilijiona.

Tukafika banda la wasusi wa kijiji cha Kimwani. Mkono ukaninyooshea kikapu kidogo, kimesukwa kwa mistari myeusi ambayo sijapata kuiona, na ndani mna kahawa ya kutafuna. Wewe wajua, kwetu kahawa ile si biashara, ndivyo mgeni anavyopokelewa. Mimi nikaimwaga mezani yote! Nikakipindua kikapu nitazame kitako, nikauliza bei, tena kwa Kiswahili cha ofisini.

"Hakiuzwi, mwanangu. Kahawa ndiyo iliyokuwa yako."

Alisema kwa Kihaya, nami ndipo nilipoinua macho. Mama yako, Philbert! Mama Theopista, aliyenilea pamoja nawe mama yangu alipofariki. Kikapu nilikitazama mpaka kitako, yeye sikumtazama.

Lililofuata ndilo linaloninyima usingizi. Yule bwana aliuliza kama tunafahamiana. Niliona haya kwa kahawa ile iliyotapakaa, nikajibu, "Ni mmoja wa wasusi wa Kimwani." Mama alisikia. Akaanza kuokota kahawa moja moja, na mimi nikamfuata mgeni wangu.

Jioni nilirudi mbio, nikakuta lori lao limekwisha ondoka. Nikajipa moyo kwamba mama ni mama, atacheka yaishe.

Jana dada yako Ephrasia alikuja mjini, akaniletea kikapu kile kile. "Mama amesema ulikipenda," basi, akaenda zake sokoni. Nilipofunua, kitupu. Tangu tuzaliwe, umewahi kumwona mama akimpa mtu kikapu kitupu?

Kukiweka pamoja na vitu vyangu siwezi. Jumapili baada ya misa nakirudisha Kimwani, nipige magoti mlangoni. Sikutumi uniombee, mdomo uliomkana ni wangu, na uende wenyewe. Akinitilia kahawa humo, nimekuwa mwanawe tena. Asipotia, ndugu yangu, basi mimi ni mnunuzi tu.

Nisalimie shemeji Alistidia na watoto, mwambie ule unga wa muhogo ulifika salama. Benigna na baba mkubwa Ishengoma wanawasalimu sana.

Mungu awafunike nyote huko, na wewe akujalie macho ya kumtambua mama yako popote utakapomkuta.

Wako akupendaye, ingawa leo hana uso,
Clavery