Tumbo Lililogoma Kupungua

Tunu mdogo wangu, natoka hospitali hapa Muscat. Nalia barabarani kama mtoto.

Lile tumbo si mafuta. Si mafuta, Tunu! Mwaka mzima napanda na kushuka ngazi za nyumba ya bosi wangu, nalala bila kula, kumbe ni uvimbe. Daktari kasema, "Umechelewa. Kizazi lazima kitolewe."

Nikampigia Vitalis, nikamweleza. Si ndiye alitaka nipungue kabla ya harusi? Akasema, "Scholastica, mama yangu anataka wajukuu." Hakuuliza hata kama naumwa.

Na mimi nikamjibu sawa. Yaani nimesema sawa!

Upasuaji ni keshokutwa. Kesho funga duka, panda bodaboda mpaka kijijini Litumbandyosi ukamwambie mama. Usimpigie simu. Nataka awe na mtu wa kumshika.