Mchumba Wangu Hakuota Ndoto Ile

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie, kwa sababu nimeomba na nimefunga na bado sijui nishike lipi. Ninafanya kazi mapokezi katika zahanati, na mchumba wangu ni fundi seremala tunayesali naye kanisa moja. Tulizoeana mwaka jana alipokuja kurekebisha mlango wa chumba cha daktari uliokuwa ukiburuza chini, akaupiga randa ukawa sawa, kisha akarudi kuupiga tena, na tena, mpaka daktari akamwambia, "Fundi, ukiendelea hivi tutabaki na fremu," nami nikainamia kadi za wagonjwa nisionekane nacheka.

Kanisani kwetu kijana akitaka kuchumbia huanzia kwa mlezi wa vijana, na swali la kwanza ni Mungu amemwonyesha nini, na asiyeonyeshwa kitu huambiwa akaombe zaidi. Yeye akasema ameota nimesimama na taa, nikimwita. Mlezi akafurahi, mchungaji akafurahi, nami nikakubali. Mama yangu, anayeongoza maombi ya akina mama, ameisimulia ndoto hiyo kila mahali, na kila akiisimulia inakua, mpaka sasa nimevaa nguo nyeupe na nyuma yangu kuna malaika.

Tarehe tisa mwezi huu tulikuwa kwenye karakana yake tukichagua mbao za kitanda chetu, nikamwambia mchungaji anataka tutoe ushuhuda wa ile ndoto Jumapili ya kutangazwa ndoa yetu. Akaweka ubao chini, akasema, "Sikuota chochote. Nilikupenda tu. Waliponiuliza nimeonyeshwa nini, niliona aibu kusema nimekuona wewe, kwa macho haya haya."

Nikamuuliza kwa nini ananiambia sasa, akasema atakwenda kumweleza mchungaji kabla ya Jumapili hiyo na hakutaka niyasikie huko. Mshauri, nililia, nikamwambia anyamaze, tufunge ndoa kwanza, hayo mengine Mungu anayajua. Akajibu, "Anayajua, ndiyo maana siwezi. Kama ni lazima nisimame pale niseme uongo ndipo nikupate, basi tuache." Tangu siku hiyo hajanipigia simu, na kanisani ananisalimu "Bwana asifiwe, dada," kama anavyomsalimu kila mtu, na mama ananiuliza mbona fundi haonekani, nami nasema ana kazi nyingi.

Je, mtu aliyemsingizia Mungu anaweza kuaminika kuwa mume? Na kama hakuonyeshwa, nitajuaje kuwa kweli ni wangu? Nikikaa kimya nampoteza, nikisema namwaibisha mama.

Wa Mapokezi

MSHAURI ANAJIBU

Pole, mwanangu. Naiona hofu yako, na aibu ya mama yako si jambo dogo. Lakini nikueleze ukweli, maana ndio ulioniandikia kuutafuta.

Unaniuliza kama fundi anaaminika, na papo hapo unamwomba aendelee kudanganya. Huwezi kuyataka yote mawili. Alikosea, tena vibaya. Kulitumia jina la Mungu ili upewe ruhusa ni kosa la kutubu, na atubu. Ila tazama amefanya nini baadaye. Hakuna aliyemgundua. Angenyamaza angekuoa, akapigiwa makofi, na mama yako angeendelea kuongeza malaika. Amechagua kusema, akijua anaweza kukukosa. Mwanaume wa namna hiyo ukimwuliza jambo ndani ya nyumba yenu, atakujibu.

Sasa wewe. Nimesoma barua yako mara mbili. Ndoto umeipa mstari mmoja. Mlango, randa, mbao, maneno yake, jinsi anavyokusalimu siku hizi, vyote umenieleza kana kwamba nilikuwepo. Ulimpenda kabla hajataja taa yoyote, na ndoto ilikufaa kwa sababu ilikuondolea kazi ya kusema "namtaka" kwa kinywa chako. Hilo si dhambi. Lakini usimtupie Mungu mzigo wa kukuamulia, kisha ulalamike hakutuma maono. Amekupa akili, macho, na wazee wa kuwashauri. Vitumie.

Anza na mama. Mweleze wewe mwenyewe, nyumbani, mkiwa wawili, kabla hajasikia kwa mtu mwingine. Atakasirika. Mwache akasirike, usijibizane naye, na usimsimange kwa yale aliyoongeza. Aliyaongeza kwa furaha. Kisha nenda na mchumba wako kwa mchungaji kabla ya Jumapili hiyo. Yeye aseme la kwake, nawe useme kuwa ulimtaka alifiche. Usimwache asimame peke yake kama mshitakiwa na wewe umekaa pembeni na mkoba mapajani. Mchungaji akiahirisha ndoa, kubalini. Mchungaji akiwauliza mlezi afanye nini na vijana wengine, mwambieni kwa heshima kwamba lile swali la "umeonyeshwa nini" linawafundisha kutunga ndoto.

Na kabla ya hayo yote, mtafute fundi leo. Usimtumie ujumbe, nenda karakana. Mwombe radhi kwa kumwambia anyamaze, bila kuongeza "lakini". Akiwa bado ana uchungu, usiondoke na usimharakishe. Kaa hapo, umsikilize mpaka amalize.