Jembe la Mama Wairimu

Komarock, Nairobi
Jumapili jioni

Mama mpendwa,

Pokea salamu zangu za upendo. Kile kifua kimepoa, au baridi ya mvua bado inakusumbua? Mimi ni mzima, ila viganja vimejaa malengelenge, na sababu yake ndiyo nataka kukusimulia.

Unajua kazi yetu pale karakana ni kuchomelea mageti na madirisha. Wiki chache zilizopita nilikuwa soko la Muthurwa kununua misumari nikaona wanawake wakichagua majembe. Kila mmoja alinyanyua moja, akalipima mkononi, akalirudisha. Nikajiuliza wanatafuta nini. Nilipomuuliza mmoja wao, akasema yote ni mazito na hakuna mengine.

Basi nikamwomba tajiri wangu, Bwana Njoroge, aniache nijaribu kutengeneza jembe la kina mama. Alikubali shingo upande: nilifanye wakati wa mapumziko, na lisipopata mtu wa kulitaka nirudi kwenye mageti nisimsumbue tena.

La kwanza nililifupishia mpini, nikidhani nawasaidia. Nikawapelekea kina mama wanaolima sukuma wiki kando ya mto, nyuma ya nyumba za estate yetu. Walicheka. Mpini ule uliwainamisha zaidi. Hata mimi nililima kidogo tu nikashika kiuno. La pili nikarefusha mpini, nikapunguza chuma. Likawa jepesi kweli, lakini kwenye udongo ule mweusi lilidunda tu. Nikashinda nikiwaza: litakuwaje jepesi na bado lizame? La tatu nikalipunguza upana, nikalipinda kidogo kuelekea kwa mlimaji.

Kati yao yuko mjane mmoja, Mama Wairimu. Tangu avunjike mkono ameacha kulima, shamba lake limeota magugu, yeye huja tu kuongea na wenzake. Nilimpa alishike nione mkono wake unavyokaa. Akainuka, akapiga mara moja. Akapiga tena. Akalima mstari mzima, sisi tukimtazama. Alipofika mwisho akaugeuzageuza ule mkono kama si wake.

"Hili silirudishi," akaniambia.

Nikamweleza kwamba ndilo la pekee, na Bwana Njoroge anataka kuliona. Akaliweka begani.

"Mwambie aje alione kwangu."

Na kweli leo Bwana Njoroge alikuja, na viatu vyake vya kanisani. Alisimama kando ya shamba akimwangalia Mama Wairimu akilima, kisha akaniuliza mabamba ya chuma tuliyo nayo yatatosha majembe mangapi. Tunaanza kesho.

Sasa nina swali, Mama. Tangu utoto wangu nakuona ukipalilia kwa magoti. Ni mgongo, ni uzito wa jembe, au unapenda kuyaona magugu kwa karibu? Usinijibu kwamba ndivyo mlivyofundishwa.

Nisalimie Baba, na shangazi anayekukamulia ng'ombe, na kaka yangu Wafula. Mwambie apime urefu wako kwa kamba, kutoka kiunoni hadi chini, anitumie hiyo kamba. Lako nataka kulitengeneza mwenyewe, ulime umesimama.

Bintiyo anayekupenda,
Nekesa