Safari ya Italia Uliyoniachia

Nyambura, shoga yangu,

Nimeshindwa kuianza hii barua. Kwetu Tanga tulifundishwa shuleni kwamba barua huanza kwa kumjulia mtu hali, ndipo umweleze yako. Sasa yako nitaiulizaje? Na yangu ndiyo hiyo nisiyoielewa. Kwa hiyo nakuandikia hivi hivi, bila mpango, na najua ungenicheka, maana wewe hata kwenda kununua nyanya ulikuwa unapanga.

Mwezi ujao natakiwa kupanda ndege kwenda Italia. Mimi, Mwanaidi, mpiga pasi wa hoteli hapa Dubai, mwanamke wa Kiislamu ambaye hakuwahi kuiota Italia hata siku moja. Safari ilikuwa yako, mimi ulinikokota tu. Kisha ukafa, viza ikiwa imeshagongwa kwenye pasipoti yangu na likizo imeshapitishwa na madam, msimamizi wetu. Tangu hapo sijui kama safari bado ipo au nayo imekufa.

Uliondoka vibaya, Nyambura. Asubuhi ulilalamika kichwa, ukameza vidonge, ukaja kazini ukakaa pale kaunta yako ya kupokelea nguo za wageni. Kabla ya chakula cha mchana nikasikia watu wanaliita jina lako kwa sauti ambayo si ya kumwita mtu. Walisema ni mshipa wa kichwani. Jioni, khalas. Wakakusafirisha kwenu Nyeri, na siku unazikwa mimi nilikuwa nanyoosha kola za mashati ya watu nisiowajua, kwa sababu ruhusa ya msiba ni ya ndugu wa damu na sisi hatukuwa ndugu. Labda ndiyo maana akili yangu haikubali. Bado nakuwekea nafasi kwenye basi la wafanyakazi, halafu mtu anakaa, nami namtazama kama mwizi.

Kitanda chako kapewa Mfilipino mmoja, msichana mpole, anaimba akikunja nguo. Nilimchukia bila kosa lolote. Juzi nikampikia chapati ili nijisamehe, akala tatu akaniuliza kama mimi ndiye niliyekuwa rafiki wa yule aliyefariki. Nilimwambia ndiyo, nikatoka nje, nikajikuta nimesimama kwenye lifti bila kubonyeza ghorofa yoyote.

Sasa nikueleze habari za mpango wako, maana ndio unaonitia wazimu.

Unakumbuka ulivyoupanga? Roma, Napoli, Pompei, Firenze, Pisa, Venisi, Milano, ndipo Torino, na kutoka Torino kupanda milimani kwa Padri Aldo, padri wenu wa zamani. Yote hayo kwa siku tisa. Nilikwambia tutaona stesheni za treni tu, Italia tutaihadithiwa. Ukanijibu, "Wee Mwanaidi, acha uzee! Tutalala kwa treni, si hata hapa tunalala kwa basi?" Tuligombana mpaka Bwana Joji, yule Mhindi wa Kerala mwenye ofisi ya safari kule Bur Dubai, akatuomba tukagombanie nje kwa kuwa ana wateja wengine. Wewe ulicheka. Mimi nilinuna hadi tulipovuka kwa abra, ile boti ya abiria, kurudi kwetu Deira.

Basi sikiliza maajabu. Ulipokufa, mimi ndiye niliyegeuka wakili wa mpango huo. Nilirudi kwa Bwana Joji peke yangu. Barabara ya kwenda kule ni foleni tupu siku hizi, kila mahali wanapandisha nguzo za metro, yule mnyama uliyeapa tutampanda siku ya kwanza. Bwana Joji alinipa pole, akakutaja kwa jina, kisha akachukua kalamu kwa upole akasema, "Madam, sasa tuipange kama watu wazima. Pisa tuondoe. Mtu anakwenda Pisa kwa sababu ya mnara mmoja." Nikamwambia Pisa haiondoki. Akajaribu Napoli. Nikamwambia huyo marehemu aliitaka Napoli. Akasema Venisi iko pembeni kabisa, kwenda na kurudi ni kupoteza siku nzima. Nilimpandishia sauti, Nyambura. Mimi! Niliyekuwa nasema Venisi ni mitaro tu iliyojaa maji, nilimfokea mtu mzima kwa ajili ya Venisi.

Nimekuwa mtaalamu wa nchi nisiyoitaka. Najua makumbusho ya Papa hufungwa Jumapili. Najua treni ya usiku haipiti popote penye faida. Najua mchana maduka ya miji midogo hufungwa watu wakalale, jambo ambalo nimelipenda sana. Na kumbe makanisani wanataka mwanamke afunike mabega. Hapo Italia haina la kunifundisha.

Lakini mpango nilikuwa siufupishi. Kila wiki nakwenda, kila wiki tunaanza upya, Bwana Joji anafuta na mimi narudisha. Nilidhani ni mapenzi. Nilijiambia nikiondoa mji mmoja ni kama nakuzika tena.

Haikuwa hivyo, na hapa ndipo penye jambo ninalotaka kukwambia.

Baada ya mazishi dada yako alinipigia. Alisema nyumbani hakuna mwenye namba ya Padri Aldo, wewe ndiye uliyekuwa ukizungumza naye, kwa hiyo kama mimi ninayo, basi nimpashe habari. Nikasema sawa. Ningesemaje? Mzee yule alikubatiza, akakusomesha, na mama yako alipofariki ndiye aliyekukalisha jikoni kwake parokiani mpaka ukakubali kula. Hata alipozeeka na kurudishwa kwao, kwenye nyumba ya mapadri wazee, hukuacha kumpigia kila mwezi kwa kadi ya simu ya pale dukani chini. Barua yake ya mwaliko ndiyo iliyotupatia viza. Siku ile uliponipa nimsalimie, nilikaribia kuangusha simu: Mzungu yuko milimani Italia ananiambia "pole na kazi, mama," kwa Kiswahili cha Nyeri kile kile chenu.

Nikanunua kadi. Ijumaa baada ya sala nikapiga. Akapokea kwa lugha yao, aliposikia Kiswahili akafurahi mpaka akakohoa. Akaniuliza, "Habari za Dubai?" Njema, Padri. "Kazi?" Nzuri. "Na Nyambura wangu hajambo?"

Nikasema hajambo.

Ulikuwa unatucheka watu wa pwani. Ulisema hata nyumba ikiungua, ukituuliza habari tutajibu njema, tumalize salamu zote za watoto na mifugo, ndipo tuseme, "ila nyumba imeungua." Ni kweli. Ndivyo tulivyolelewa, humrushii mtu msiba usoni kabla hajakaa. Njema kwanza, ila baadaye. Wallahi nilikuwa nakuja kwenye ila yangu, ilikuwa mdomoni. Lakini mzee hakunipa nafasi. Akaanza kusema ameshawaambia wa jikoni kuwa binti yake anakuja, kwamba usisahau majani ya chai ya kwenu, kwamba chumba chetu kinatazama mlima na huo mlima utauona una theluji kama ule wenu. Alikuwa anaongea haraka haraka, kama mtoto. Nikasema ndiyo, Padri. Ndiyo, Padri. Kisha nikakata, nikasingizia kadi imekwisha.

Kwa hiyo dunia nzima ulikuwa umekufa, Nyambura, isipokuwa Italia. Kule ulikuwa mzima, unasubiriwa uje na majani yako ya chai.

Na sitakuficha, nililipenda jambo hilo. Niliona aibu, sikulala vizuri, nikawa naunguza kola za watu, lakini nililipenda. Kulikuwa na mahali pamoja ulipokuwa hai na mimi nilikuwa na viza ya kwenda huko. Ndipo nikaelewa kwa nini sikubali kuondoa hata Pisa. Kila mji ulikuwa ni siku moja zaidi kabla sijafika kwa yule mzee na kumwangalia usoni. Ningeweza ningeongeza na Sisili.

Sikujua nifanye nini. Nisiende kabisa, nimwache akisubiri? Niende, nimkabidhi msiba mlangoni na begi langu mkononi? Nimwambie kwa simu, halafu safari yenyewe iwe ya nini? Mama yangu Tanga anasema likizo nirudi nyumbani, niachane na makanisa ya watu. Wakenya wenzako pale hotelini wanasema nenda, usipoteze viza. Kila anayesema namwona ana haki. Niliuliza watu mpaka nikaacha kusikia majibu.

Jana nimempigia, nikiwa pale dukani chini.

Safari hii sikumwamkia. Mama angenichapa. Aliposema tu yuko, nikamwambia, "Padri, ni Mwanaidi. Nyambura amefariki." Basi. Nikamwambia na siku, na kwamba ile mara ya kwanza nilishindwa.

Nyuma yake nilisikia vijiko, nadhani walikuwa mezani. Kisha akasema maneno kwa Kikikuyu, si kwangu, sijui yalikuwa na maana gani na sikumuuliza. Akaniuliza kama uliteseka, nikamwambia hapana, ilikuwa nusu siku. Halafu akaniuliza, "Na wewe, mwanangu, ni nani anakaa na wewe?"

Nyambura, nililia pale pale dukani, kati ya magunia ya mchele na ya vitunguu, mwenye duka akaja kunishika bega. Hakuna aliyewahi kuniuliza. Pole zote zilikwenda kwa Wakenya, wao ndio waliochanga, wao ndio waliosimama kanisani siku ya misa yako, mimi nilikaa nyuma na mtandio wangu, watu wakadhani nimekuja kumsubiri mtu. Sina jina kwenye msiba wako. Si dada, si wa kabila, si wa dini. Na mzee wa Kizungu asiyenijua sura alijua kwamba mimi ni mfiwa.

Nikamwambia nadhani sitakuja tena, kwa kuwa mwaliko ulikuwa wako. Akasema, "Njoo. Hapa wote ni watu wema, lakini hakuna anayemjua. Sina wa kulia naye."

Leo asubuhi nimekwenda kwa Bwana Joji. Nilimwambia futa. Napoli, futa, na Pompei yake. Pisa, futa. Firenze, futa. Milano tutapita, sitashuka. Ilipofika Venisi nilimwomba asubiri kidogo, akaenda kuleta chai, aliporudi nikamwambia futa. Ndege inatua Roma, kwa hiyo Roma nitalala siku mbili nipumzike na niangalie lile kanisa kubwa, maana usingenisamehe. Kisha treni ya asubuhi hadi Torino, na basi la kupanda mlimani. Siku zote zilizobaki ni za kwake. Bwana Joji aliuliza siku hizo aandike nini kwenye ratiba. Sikujua anaandika nini mtu anayekwenda kukaa matanga Italia, nikamwambia aache wazi. Akasema huu ndio mpango wa kwanza wa maana niliomletea.

Usidhani kichwa kimenitulia. Sijui nitaswali wapi katika nyumba ya mapadri. Padri anasema nitalala kwa masista wa jirani, na masista sijawahi kuishi nao, sijui kama mtu anawaamkia shikamoo. Sijui kama ninaruhusiwa kukuombea kwa dua yangu mimi, au itakufikia ukiwa umeketi upande mwingine. Nakuombea tu, wataijadili wenyewe huko. Sijui nitamweleza nini mama. Majani ya chai nimenunua.

Ila jambo moja nimelishika. Mimi nakujua tangu siku ile ulipoingia pale kwa nguo za wageni ukiwa na sauti kubwa kuliko mashine. Kabla ya hapo sikujui. Hukupenda kuzungumzia utoto, ulikuwa unasema, "Hiyo ni story ya siku ingine." Yeye anakujua tangu huna meno, na tangu ulipokuja Dubai anakujua kwa sauti tu. Anayo miaka yako ya mwanzo, mimi ninayo ya mwisho. Nakuahidi nitaketi naye mpaka tumepeana yote, na sitamficha kitu, hata yale magomvi yako na madam, hata ulivyokuwa ukiimba vibaya bafuni.

Nenda salama, shoga yangu. Nitamuuliza ulikuwa mtoto wa namna gani.

Mwanaidi wako