Vitu Viwili Vyeupe Kwenye Fizi za Eva

Jumapili, Kasulu. Mvua imeanza saa nane mchana na haina dalili ya kuchoka. Eva amelala. Joto limeshuka na tangu asubuhi nimebadilisha nepi mbili tu. Nayasema haya mapema ili msomaji asihangaike: mtoto yuko salama.

Wengi wenu mnafika kwenye blogu hii mkitafuta dawa ya viwavijeshi. Leo sina habari za viwavi. Nina habari za mwanangu wa miezi mitano, na za mimi mwenyewe, na zangu si nzuri.

Jumatano asubuhi nilikuwa namfuta Eva mdomo kwa kitambaa nikaona vitu viwili vyeupe kwenye fizi za chini. Kimoja kulia, kimoja kushoto, vikubwa kiasi cha punje ya mchele, vimefunikwa na ngozi ya fizi. Nilipogusa cha kulia, Eva akalia. Nikagusa cha kushoto, akalia tena. Nikaacha kugusa.

Mimi ni afisa ugani. Watu wananiita bibi shamba tangu nikiwa na miaka ishirini na tatu. Kazi yangu ni kutazama madoa. Mkulima akiniletea jani la muhogo lenye doa, namuuliza limeanza lini, limeanzia wapi, na mimea ya jirani ikoje. Kwa mwanangu sikuuliza lolote kati ya hayo.

Nilimwita Mama.

Mama amekuwa hapa wiki tatu, ametoka Kasanda kuja kunisaidia kwa sababu likizo yangu ya uzazi inakaribia kwisha. Aliinama, akaufungua mdomo wa Eva kwa kidole gumba, akatazama mara moja tu. Akasema, "Plastiki."

Kwa wasiojua: huku kwetu, na kwingine kwingi nchini, watu husema kuna meno ya plastiki. Wengine huyaita ya nailoni. Inasemekana huota ndani ya fizi za mtoto mchanga, ni laini, huleta homa na kuharisha, na yasipong'olewa mtoto hufa. Chuoni nilikuwa nawacheka wanaoamini hivyo. Nilikuwa nawacheka nikiwa na mapengo mawili chini, palipotakiwa kuwa na chonge, kwa sababu Mama alining'oa ya kwangu nikiwa na miezi saba. Hadithi hiyo nimeisikia tangu utoto. Mama huisimulia kwa furaha, na kila mara humalizia kwamba ndiyo maana nipo.

Alhamisi Eva akapata joto. Ijumaa akaharisha mara saba kabla ya saa nane mchana. Mama hakusema "nilikuambia." Alikunja tu khanga yangu ya kubebea akaiweka mlangoni.

Nilimpigia Baba Eva, ambaye anafundisha Buhigwe na huja mwisho wa mwezi. Akasema nifanye ninavyoona inafaa. Hiyo ni kauli ya mtu anayejiwekea akiba ya lawama. Nikaingia kwenye simu kuuliza mtandaoni. Nusu ya waliojibu walisema meno ya plastiki ni hatari kubwa, nusu wakasema hayapo kabisa, na mmoja akasema anauza dawa.

Naandika hili polepole kwa sababu ndilo nililokusudia kuandika. Jana Jumamosi asubuhi, mimi mwenye diploma na pikipiki ya serikali, nilimbeba mwanangu nikampeleka kung'olewa meno.

Hakuna aliyenilazimisha.

Nilikuwa nimejiandaa kukuta mtu mchafu, ili iwe rahisi kukataa. Haikuwa hivyo. Bibi tuliyemkuta mimi na Mama, nje kidogo ya mji, ana ua uliofagiwa, benchi la mbao na sufuria ndogo iliyokuwa ikichemka. Ndani ya sufuria kulikuwa na spoku ya baiskeli iliyonolewa ncha. Tulimwamkia, akaitikia marahaba, akatuuliza habari za nyumbani, akanawa mikono kwa sabuni hadi kwenye viwiko. Nawajua wataalamu wa mifugo wasionawa hivyo. Alimchukua Eva akambembeleza, na Eva, ambaye alikuwa amelia tangu alfajiri, akanyamaza.

Akatazama fizi. "Ego," akasema, maana yake ndiyo, kwa lugha ya nyumbani. "Yameshakomaa. Mmekuja kwa wakati."

Mama akashusha pumzi kwa nguvu. Na mimi, niseme kweli, nilisikia nafuu. Mtu mzima ametazama, amesema tatizo ni nini, na chombo cha kuliondoa kinachemka mbele yangu. Sijapata nafuu kama ile ofisini kwetu hata siku moja.

Labda Bibi aliona nasitasita, maana aliingia ndani, Eva begani, akarudi na kipande cha jani la mgomba. Juu yake kulikuwa na meno mawili aliyomtoa mtoto mwingine mapema asubuhi. Alitaka nione mwenyewe kwamba si meno ya kweli. "Shika, mwanangu. Ona yalivyo laini. Hilo ni jino hilo?"

Nikashika. Nikalibonyeza moja kwa ukucha, likabonyea, likatoa majimaji meupe.

Kidole changu kikaelewa kabla yangu mimi. Kila msimu nafanya hivyo hivyo kwenye mashamba ya watu: namenya hindi, nabonyeza punje kwa ukucha, na ikitoa maziwa namwambia mkulima asivune, asubiri. Katika miaka yangu yote ya kazi hakuna mkulima aliyewahi kuniambia kwamba punje ya namna hiyo ni hindi la bandia. Wote wanajua ni hindi changa.

Lile lilikuwa jino changa. La mtoto wa mtu, limechimbuliwa kabla ya wakati wake, limewekwa juu ya jani la mgomba.

Nilimchukua Eva mikononi mwa Bibi. Nilimwambia nimesahau kitu nyumbani na tutarudi. Ni uongo wa kijinga lakini ulikuwa wa adabu, naye aliupokea kwa adabu. Nilitembea haraka hadi barabarani, Mama nyuma yangu, na sikugeuka.

Tulipofika kwenye lami Mama akanishika mkono. Sijawahi kumwona vile. Hakuwa na hasira; alikuwa na hofu.

"Mwanangu, usichelewe," akasema. "Mimi nilichelewa kwa Deo. Nilichelewa siku mbili tu."

Deo alikuwa kaka yangu. Alizaliwa kabla yangu, akafariki akiwa na miezi sita kwa homa na kuharisha. Nilijua alikuwepo, kwa sababu jina lake hutajwa kwenye sala za nyumbani. Sikujua kuhusu hizo siku mbili. Sikujua kwamba Mama amezibeba miaka yote hii, wala kwamba mapengo yangu yalikuwa ni yeye kutochelewa mara ya pili.

Nilimwambia twende kituo cha afya kwanza, na wakishindwa nitarudi na Eva kwa Bibi kwa miguu yangu. Nadhani nilikuwa nasema kweli.

Muuguzi aliyetupokea ni binti mdogo kuliko mimi, anaongea kwa kifupi. Alimpima Eva malaria, hakuna. Alivuta ngozi ya tumbo lake akaangalia inavyorudi. Aliniuliza mtoto anakula nini. Nikasema ananyonya. Akaniuliza tena, akinitazama, na nini kingine. Nikasema uji. Nilianza kumpa wiki iliyopita, ili azoee kabla sijarudi kazini, na chupa nilikuwa naisuuza tu, siichemshi.

Kwa hiyo tatizo lilikuwa mimi na chupa yangu. Aliliandika kwenye kadi bila kunisema, na kweli, afadhali angenisema.

Kuhusu vile vyeupe, alimulika kwa tochi ya simu. "Ni chonge," akasema. "Zinajijenga chini. Zitatoka akiwa amepita mwaka na nusu hivi. Msiziguse." Akatupatia pakiti za ORS, ile dawa ya kurudisha maji mwilini, na vidonge vya zinki, akatufundisha kupima maji lita moja, yaliyochemshwa yakapoa, na kumnywesha kwa kijiko kidogo kidogo.

Tulikuwa tumeshasimama kuondoka Mama alipouliza.

"Nesi, na mtoto wa zamani, aliyeharisha hivi hivi na meno hayakutolewa, yeye alikufa na nini?"

Muuguzi alikuwa anaandika na hakuinua kichwa. Hakuwa na sababu ya kujua. "Wengi walikaukiwa maji, mama."

"Maji?"

"Ndiyo. Anaharisha, maji yanaisha mwilini, harudishiwi."

Mama akasema asante. Akaniomba nimpe Eva ambebe yeye.

Jana kuanzia adhuhuri hadi jua linazama alikaa kwenye kigoda jikoni, Eva mapajani, kikombe pembeni, kijiko mkononi. Nilitaka kumpokea akakataa. Alipima lita mwenyewe kwa chupa ya maji ya dukani, akainua chupa kwenye mwanga kuhakikisha. Kijiko, anasubiri ameze, kijiko. Nilikuwa nachambua maharage upande wa pili. Wakati fulani alasiri, bila kunitazama, akasema, "Tuliambiwa tusimpe maji. Tuliambiwa yanazidisha. Alikuwa akiona kikombe analia, nikawa nakificha."

Mimi ndiye ninayejulikana kwa kuwa na jibu, kuna watu hutembea kutoka mbali kuja kuniuliza mambo ya mahindi. Niliendelea kuchambua maharage, nikayachambua mara mbili.

Tangu jana najiuliza swali moja. Mama alikuwa na kosa moja, la siku mbili, na alishaona njia ya kulilipa kupitia kwangu. Sasa ana kosa jingine, la kikombe, na hili halina pa kulilipia. Je, nilimtendea haki kumpeleka pale akasikie? Eva ningeweza kumpeleka peke yangu. Haya ndiyo mawazo ya mtu ambaye mtoto wake amepona. Ya kabla ya hapo yalikuwa mafupi zaidi.

Leo baada ya ibada Mama alisema anarudi Kasanda, maharage yake yanahitaji palizi. Nilimsindikiza kwenye basi la Kibondo, njia ya Kasanda. Alimbusu Eva, akampangusa mdomo kwa ncha ya khanga, na hakuufungua kutazama fizi. Basi lilipowasha injini aliniuliza kama naweza kumpa pakiti moja ya ORS aondoke nayo.

Nilikuwa nazo mbili kwenye mkoba, nikampa moja. Aliisoma pande zote, ingawa Mama hasomi vizuri, kisha akaifunga kwenye pindo la khanga, pale anapofunga vitu asivyotaka vipotee.

Nyumbani kwetu Kasanda hakuna mtoto mchanga. Sikumuuliza ni ya nani.